Aliyekuwa Kwenye Usukani

Mwaka jana kijana wangu wa kwanza, ambaye hata ndevu hazijamtoka vizuri, alichukua Probox ya baba yake bila kuomba, akaenda kuigonga kwenye nguzo ya umeme karibu na mnada. Yeye hakuumia. Gari ndilo lililokunjika pua. Baba yake alikuwa safarini, anarudi Jumamosi. Kijana akaja jikoni, akasimama nyuma yangu, akasema, "Mama, sema ni wewe uliyekuwa unaendesha. Wewe Baba hatakufanya kitu."

Nilikuwa nasonga ugali, nikaendelea kusonga. Mtu aliyenijia akilini hakuwa mume wangu wala fundi. Alikuwa yule mama tuliyemwita Mama Nesi, pale kijijini Kewanja nilikokulia. Nimemjua miaka mingi, nimekula kwake, nimelala kwake, na mpaka leo sijui nimuweke wapi.

Jina alikuwa nalo, lakini sisi hatukulitumia. Alikuwa nesi wa zahanati yetu, mjane, mrefu, mwembamba, mwenye hatua za mtu anayekimbia mvua. Chai yake haikuwekwa sukari, na alimtazama kila aliyeweka sukari kama mtu anayejidhuru makusudi. Kiswahili chake kilinyooka, cha darasani, lakini akikasirika alihamia Kikurya, na hapo hata mgonjwa wa homa kali aliinuka kitandani. Kila kijana wa kiume kwake alikuwa "mura", awe mtoto wa mwenyekiti au mchimbaji aliyetoka mashimoni Nyakunguru na vumbi mpaka kwenye kope.

Hakujua kuzungusha maneno. Mjomba wangu alimwambia mbele ya mke wake, "Ini lako limechoka. Ukiendelea na pombe, huyu mama atabaki peke yake na watoto." Mwanamke aliyemchelewesha mtoto hospitali alimwambia neno moja tu, "Umechelewa," kisha akaanza kazi. Watu walimwogopa, na kwa sababu hiyohiyo walimwamini. Akikwambia utapona, unarudi nyumbani huku unaimba.

Isipokuwa mara moja. Bibi yangu alipokuwa mgonjwa wa mwisho, Mama Nesi alikaa kando ya kitanda, akamshika mkono, akamwambia, "Mavuno utayaona." Bibi alifurahi, akaomba uji. Mtama haujaanza hata kuinamisha vichwa, tukamzika. Nilikuwa mdogo na nilikuwa na hasira, nikamfuata zahanati nikamuuliza kwa nini alisema vile. Alikuwa anakunja bandeji. Hakuniangalia. "Nilisema atayaona mavuno," akasema. "Sikusema ya shamba gani." Nikatoka nje nikiwa sijui kama nimejibiwa au nimefukuzwa.

Alikuwa mwanamke pekee tuliyemjua anayeendesha gari lake mwenyewe. Suzuki ndogo ya milango mitatu, nyeupe, iliyochubuka pembeni. Hakuingia ndani bila kulizunguka kwanza akiangalia matairi, na vioo alivifuta kwa vipande vya shashi vilivyobaki kazini. Chini ya kiti aliweka raba za kuendeshea. Kandambili alizivua na kuzitupa nyuma, akasema mguu wa kwenye pedeli lazima ujijue uko wapi.

Miaka ile watu wengi walilipwa fidia ya mashamba yaliyochukuliwa na mgodi, na magari yakaingia kijijini kuliko watu wanaojua kuyaendesha. Baba ananunua Noah, yeye mwenyewe gia haijui. Anayeijua ni kijana wake wa kidato cha pili, aliyejifunza kwa kuwatazama madereva. Basi ukipita muda kidogo, tunasikia kishindo. Mmoja aliingiza Noah ya baba yake kwenye ghala la mahindi, akatokea upande wa pili. Mwingine alilibwaga gari jipya kwenye shimo la zamani la wachimbaji, likaning'inia pua chini na redio bado inaimba. Wote walipelekwa kwa Mama Nesi.

Mimi na binti yake, Ghati, tulisoma darasa moja. Tulikaa nje chini ya dirisha la chumba cha kushonea majeraha tukisikiliza. Kabla ya kushika sindano, Mama Nesi aliuliza swali lilelile.

"Gari la nani?"

"La Baba."

"Nani alikuwa anaendesha?"

Wengi walijaribu kumtaja mtu mwingine. Shemeji. Rafiki aliyekimbia. Breki. Yeye alisimama tu na uzi wake mkononi. "Mura, nikishona jeraha likiwa na uongo ndani, litatunga usaha. Sema." Mwishoni kijana alisema, tena kwa sauti, kwa sababu baba yake alikuwa mlangoni na Mama Nesi alihakikisha anasikia. Mzee mmoja alifika akalizunguka gari lake lililovutwa mpaka pale uwanjani, akishika taa, akishika bampa. Mama Nesi alitoka na glavu zenye damu akamwambia, "Mzee, mgonjwa wako yuko huku."

Wazazi waliowafichia watoto ndio waliomkera kuliko wote. Baba mmoja alikuja akidai kwamba yeye ndiye aliyekuwa anaendesha, na mkono wake hauna hata mkwaruzo, wakati kijana wake amepasuka paji la uso. Mama Nesi alimwambia, "Unamsaidia nini? Leo umembeba. Kesho atagonga mtu, utambeba tena?" Sisi pale chini ya dirisha tulizibana midomo tusicheke.

Tulipofika kidato cha nne alianza kumfundisha Ghati kuendesha. Alisema mtoto wa kike asisubiri kupelekwa. Alikuwa na sheria zake: Ghati anaendesha kwenye tambarare tu. Wakikaribia mteremko wa kwenda Nyakunguru, wanasimama pale kwenye mkuyu, wanabadilishana viti, mama anashuka nao mwenyewe. Ghati alinisimulia sheria hiyo kwa kulalamika. "Ananifanya mtoto. Kile kimteremko hata baiskeli inashuka."

Sasa nifike kwenye Jumamosi moja ya mwaka ule.

Nilikuwa kwenye mashine ya kusaga, nimepanga foleni. Mbele yangu alikuwepo Bibi Wankuru, mwanamke mzee aliyekuwa anaishi peke yake karibu na kijito. Alimaliza kusaga, akajitwisha mfuko wake wa unga, akatuaga, akashika njia ya mteremkoni. Baadaye kidogo Suzuki ikapita. Ghati alikuwa kwenye usukani. Niliona meno yake yote, alivyokuwa anacheka. Alinipungia mkono, na Mama Nesi kwenye kiti cha pembeni akamwambia kitu, nadhani ashike usukani kwa mikono miwili. Nilimpungia na mimi. Wakapotea kwenye kona.

Kilichofuata ni kishindo, na kimya, na kelele za watu.

Tulikimbia wote, hata mwenye mashine. Suzuki ilikuwa imelala ubavu chini ya mteremko, gurudumu moja bado linazunguka. Unga umemwagika barabarani mpana kama mkeka. Bibi Wankuru alikuwa amelala kwenye majani, mguu wake umekaa vibaya, na Mama Nesi alikuwa tayari amepiga magoti kando yake akiufunga kwa kitenge chake na vipande vya mbao. Ghati alikuwa amekaa ukingoni, damu inamtiririka kwenye sikio, anauliza, "Tumefika?" Nikamwambia mmepata ajali. Akanitazama vizuri kabisa, akatikisa kichwa kama ameelewa, kisha akauliza tena, "Tumefika?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameuliza kitu. Mama Nesi akainua kichwa, akatuangalia wote tuliofika, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya kijito, "Mimi ndiye niliyekuwa naendesha."

Akainama kwenye mguu. Akainuka tena. "Mmesikia? Ni mimi."

Nilisikia. Nilikuwa nimesimama na sahani ya kuchotea unga mkononi, sijui nimeibebea nini mpaka huko.

Aliyasema hayohayo kwa trafiki waliofika jioni, na akayasema mahakamani Tarime. Alilipa faini, akafungiwa leseni. Wazee wa pande zote mbili walikaa, mtamba wa ng'ombe akatolewa kwa Bibi Wankuru. Nilipomweleza mama yangu nilichokiona, aliniuliza, "Uliona gari likipinduka?" Nikasema hapana. "Basi hukuona kitu." Baba yangu alisema tofauti kidogo, na maneno yake ndiyo yaliyonivuruga zaidi. "Yule mama amewaumbua watu wote hapa kwa sababu ya uongo. Akisema ni yeye, ni yeye." Nikaanza kuwaza: labda walisimama kwenye mkuyu kama kawaida yao. Labda walibadilishana. Kutoka mashineni mpaka mkuyuni hakuna mwendo. Halafu nakumbuka Ghati alivyokuwa anacheka, na alivyouita kimteremko.

Kijiji kiligawanyika. Kwenye mashine watu walibishana kama mawakili. Wengine walisema Ghati ameumia upande wa kulia, upande wa dereva, kwa hiyo ni yeye. Wengine wakasema gari likibiringika hakuna kulia wala kushoto. Bibi Wankuru mwenyewe alipoulizwa alisema, "Mimi niliona gari. Gari halina uso."

Nilichokiona kwa macho yangu baada ya hapo ni hiki. Kila asubuhi, kabla ya kazi, Mama Nesi alikwenda kwa Bibi Wankuru kwa miguu. Alimuogesha, akamfunga mguu, akampikia uji, akachota maji. Msimu wa kulima ulipoingia, alimchukua Ghati wakalima shamba la bibi yule kabla ya kulima la kwao. Mguu uliunga, lakini Bibi Wankuru alichechemea mpaka alipokufa, na Mama Nesi ndiye aliyemfumba macho. Suzuki iliuzwa kwa mafundi, ikakatwakatwa. Hata leseni ilipofunguliwa, hakuendesha tena. Akiitwa kwa mjamzito wa mbali alipanda pikipiki, amekaa wima nyuma ya dereva, mkoba wa dawa magotini.

Nikasema, sawa, huyo ni mtu anayejijua alikosea. Ni yeye.

Kisha Ghati alipomaliza shule, mama yake alimpeleka Musoma kwenye chuo cha udereva. Siyo uuguzi, siyo ualimu. Udereva, mpaka akapata leseni ya haki. Nikasema, kumbe. Huyo ni mama anayejua mtoto wake alikosea wapi.

Nilikuwa nageuka hivyo, upande huu na upande huu, kama mtu anayelala kwenye kitanda kibovu.

Kuna siku nilimsindikiza binamu yangu zahanati. Alikuwa amevunja kioo cha gari la baba yake kwa kichwa chake mwenyewe. Nilibaki ndani makusudi, nikisubiri lile swali. Mama Nesi alisafisha jeraha, akaweka ganzi, akatunga uzi. Akauliza, "Unaumia wapi pengine?" Kijana akasema hakuna. Akashona. Hilo ndilo lilikuwa swali pekee. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba sasa najua. Haukupita hata mwezi, nikasikia amemtoa nje mzee mmoja aliyejaribu kumfichia mtoto wake, tena kwa Kikurya, na mlango ukabamizwa. Hakika yangu ikaisha pale.

Alipostaafu alinunua shamba ng'ambo ya mto Mara, Kenyamonta, akahamia huko na Ghati. Mimi nikaolewa, nikahama, tukawa tunasalimiana kwa simu siku za sikukuu. Mpaka kijana wangu alipoingia jikoni na ombi lake. Nilimwambia asubiri, asiseme kitu mpaka nirudi. Kesho yake asubuhi nikapanda gari la Kenyamonta. Niseme tu kabisa jinsi ilivyokwisha, ili mtu asibaki na wasiwasi: Jumamosi, baba yake aliporudi, kijana alimwambia yeye mwenyewe. Mimi nilikaa kwenye kochi, sikumsaidia hata kwa kukohoa. Baba yake alifoka, akaenda kuliangalia gari, akarudi akamuuliza kama shingo inamuuma. Lakini nilipokuwa njiani kwenda Kenyamonta sikuwa nimeamua chochote.

Nilimkuta anapalilia vitunguu. Amezeeka, mabega yameshuka, lakini macho ni yaleyale.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda au umeumwa?"

Tuliingia ndani, chai ikaja, haina sukari. Nikamweleza yote ya kijana wangu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ameumia?"

"Hapana, Mama."

"Amegonga mtu?"

"Nguzo tu."

"Nguzo tu." Aliinua kikombe, akakirudisha bila kunywa. "Ukimwambia mumeo ni wewe, ujue husemi mara moja. Utaulizwa ilikuwaje, utasema. Mwakani mtacheka mkiikumbuka, utasema. Mtoto mwenyewe atakuuliza siku moja, na yeye utamwambia ni wewe. Una nguvu hiyo?"

Nikaona mlango umefunguka, nikaingia. "Mama, siku ile niliwaona pale mashineni. Ghati ndiye aliyekuwa kwenye usukani."

"Ndiyo. Pale mashineni alikuwa yeye."

"Na baada ya pale?"

"Baada ya pale nilikuwa mimi." Alisema bila kusitasita, bila kupandisha sauti wala kuishusha. "Tulibadilishana kwenye mkuyu. Jua lilinipiga machoni. Nilivaa kandambili, ikaingia chini ya pedeli. Nilimwona bibi yule amechelewa kugeuka."

Huyu mama, na kandambili? Lakini mtu anayetunga si angetunga vizuri zaidi? Angesema breki. Au ndiyo sababu hakusema breki? Yeye alishanyanyuka kukusanya vikombe.

Ghati ndiye aliyejitolea kunipeleka barabara kubwa. Anaendesha gari la kukodi siku hizi, watu wanamsifu kwa utulivu wake. Tulitoka tukasimama kando ya gari tukimsubiri mama yake, ambaye alisema na yeye anakuja, achukue chumvi dukani. Ghati alitazama mlango wa nyumba, kisha akanisogelea.

"Wewe ulikuwepo," akasema. "Niambie. Nilikuwa naendesha mimi?"

Nilidhani ananitania. "Ghati, unaniuliza mimi?"

"Sikumbuki. Nakumbuka foleni ya mashineni, nilikupungia mkono. Kinachofuata ni kitanda. Katikati hakuna kitu. Nikimuuliza Mama ananijibu yaleyale, jua, kandambili, neno kwa neno. Nikimwamini, nalala vizuri wiki mbili. Halafu napita karibu na mtu anayechechemea, basi, usingizi umekwisha." Alifuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. "Nikisema simwamini, nimemwita mama yangu mwongo. Yeye. Mama Nesi. Nikimwamini na kumbe siyo kweli, amebeba mguu wa mtu kwa ajili yangu miaka yote hii, na mimi sijawahi hata kumwambia asante."

Ningeweza kumpa jibu lolote kati ya yale mawili na angelipokea. Lakini nilichokuwa nacho ni kidogo.

"Nilikuona pale mashineni," nikasema. "Ulikuwa unaendesha na unacheka. Mkaingia kwenye kona, sikuwaona tena."

"Mpaka kwenye kona."

"Mpaka kwenye kona."

Alitikisa kichwa taratibu. "Basi mimi na wewe tunajua sawasawa," akasema, na sikuweza kujua kama jibu langu limemsaidia au limemmaliza.

Mama Nesi akatoka, amejifunga kitambaa cha kichwani cha kutokea. Akaja moja kwa moja mpaka mlango wa dereva, akaweka mkono kwenye kitasa, akasimama. Ghati akasema kwa upole, "Mama, huku." "Najua," akajibu, akazunguka gari lote akiangalia matairi, akaingia kiti cha pembeni. Mimi nikakaa nyuma.

Tukaondoka. Barabara ya kule ina mashimo na vilima vidogo vidogo, na Ghati aliendesha vizuri, polepole, akipunguza mwendo kabla ya kila mteremko. Mama yake alizungumza habari za bei ya vitunguu, na jirani aliyemwoza binti yake, na mvua iliyochelewa. Aliangalia mashamba dirishani, akacheka mara mbili tatu. Lakini tangu tulipotoka uani, mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya breki ya mkono, vidole vimeikunjia, kidole gumba kwenye kitufe. Haukuondoka pale, si kwenye tambarare wala kwenye kilima. Nilikaa nyuma nikiutazama njia nzima. Nilijiuliza kama huo ni mkono wa mtu aliyewahi kuendesha akashindwa kusimama, au mkono wa mtu aliyewahi kukaa hapohapo pembeni, mtoto wake kwenye usukani, asiivute kwa wakati.

Tukafika barabara kubwa. Nikashuka, nikamuaga Mama Nesi dirishani. Alinipa mkono wa kushoto.